Kisu Kisiguse Mfupa

Mimi ni fundi wa maabara. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia nafanya kazi chuoni Njoro, na kwamba nashughulika na mifupa, wanaanza kunionyesha magoti yao. Hata kanisani. Mama mmoja aliwahi kuinua rinda baada ya ibada, pale pale mlangoni, akaniambia, "Hebu guza hapa, panalia." Mimi siponyi mtu. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mhadhiri akiingia darasani na koti lake jeupe, mezani kuna kitu cha kuangalia.

Jumatatu za muhula dereva huniletea ndoo mbili kutoka machinjioni: magoti ya ng'ombe, koo, mbavu, vipande vya uti wa mgongo, masikio. Nafunga aproni, nanoa kisu, nakata. Mhadhiri huongea dakika kumi, simu yake inalia, anatoka nje, na wanafunzi wanabaki na mimi. Hapo ndipo darasa huanza, na nikishaanza mimi, kuninyamazisha ni kazi. Nakubali. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba mimi nilizaliwa nikijibu.

"Madamu, hii nyeupe si ni mafuta?"

"Mafuta ya wapi? Guza! Mafuta iko hivyo?"

Wanaguza. Ncha ya mfupa wa goti imefunikwa na kitu cheupe chenye usamawati kwa mbali, laini, kinachoteleza kama kikombe kilichotoka kwa maji ya sabuni. Watu wa bucha wanakiita mfupa laini. Vitabu vya Kiswahili vinakiita gegedu, na mimi nalipenda hilo neno, maana hata kulitamka ni kama kutafuna. Wanafunzi wangu hulicheka wakilisikia mara ya kwanza. Wakifika mtihani hawacheki tena.

Nawaambia liko la aina tatu, na kila aina nawatia mkononi, kwa sababu kitu ulichokishika huwezi kukisahau ovyo. Hili linalong'aa ndilo jingi zaidi. Linavika ncha za mifupa ili viungo viteleze bila kusagana, linaunganisha mbavu na mfupa wa kifua ili kifua kipanuke ukivuta pumzi, na linazunguka bomba la hewa pete kwa pete ili koo lisibonyee. La pili ni la sikio. Namwambia mwanafunzi akunje sikio la ng'ombe mara mbili, kisha aachilie. Linarudi lilivyokuwa. "Sasa kunja lako," nasema, na darasa zima linakunja masikio, wavulana kwa wasichana, na kila muhula nacheka kama ndiyo mara ya kwanza. La tatu ni gumu, lina nyuzi nyuzi kama kamba ya katani, nalo hukaa penye mzigo: kati ya pingili za mgongo, na ndani ya goti, pale ambapo uzito wote wa mtu unakanyaga.

Halafu nawatolea mfupa wa ndama niliopasua katikati kwa msumeno. Karibu na ncha kuna mstari mweupe. Mstari huo ni gegedu, nawaambia, na hapo ndipo mfupa hurefukia. Mtoto tumboni huanza na mifupa mingi ambayo bado ni gegedu tupu, kisha mfupa wenyewe unakuja pole pole kuchukua nafasi yake, hadi mstari huu wa mwisho ufunge na mtu abaki na urefu aliopewa. Lile la viungoni halifungi. Linabaki nawe maisha yako yote, ila likilika halirudi kama zamani, kwa sababu halina mishipa ya damu ya kulirekebisha. Linakula kwa kukamuliwa tu. Ukikanyaga linaminywa, ukiinua mguu linafyonza majimaji tena, kama sponji ya kuoshea vyombo. Neva nazo halina. "Ndiyo sababu," huwa namalizia, kisu nimekiinua juu kama mhubiri wa stendi, "gegedu lenyewe haliumi. Linaisha kimya kimya. Ukianza kusikia uchungu, ujue limekwenda, mfupa umefikia mfupa."

Maneno hayo nimeyasema kila muhula kwa miaka kumi na tisa. Naringa nayo. Nimeyafanyia mazoezi jikoni kwangu, mzee wangu akiwa amekaa pale pale, anakunywa chai.

Mzee wangu, yaani baba watoto, alikuwa akifanya kazi Elburgon kwenye kiwanda cha mbao. Yeye ndiye aliyekuwa akipokea ubao unapotoka kwenye msumeno: vidole chini, dole gumba juu, unabana, unainua, unatupa kwenye rundo, unarudi kupokea mwingine. Saiprasi mbichi, nzito kwa maji. Aliifanya kazi hiyo tangu kabla hatujajuana. Ni mtu mpole na mchache wa maneno. Ukimuuliza siku ilikuwaje, anakujibu, "Ilikuwa." Basi mimi nikawa naongea ya kwangu na ya kwake, na nikadhani tunaelewana vizuri sana.

Tulikaa miaka ishirini na sita bila kufanya ngurario. Kwetu Wakikuyu, ngurario ndiyo sherehe ya kumaliza ndoa ya kimila. Mwanamume anakuja kwa kina mke, mbuzi anachinjwa na kuchomwa, na yeye mwenyewe anakata bega mbele ya umati wote. Sisi harusi ya kanisa tulifanya, hii nyingine tukaiahirisha. Watoto wakaja, karo ikaja, baba yangu akafariki, na watu wakatuzoea hivyo hivyo. Hakuna aliyetuuliza mpaka siku binti yetu, ambaye anakaa Section 58 huko Nakuru mjini, alipofika nyumbani amebeba keki, na keki si kitu chake. Alikuwa na habari. Watu wa kina kijana wake wanataka kuja kutuona.

Nikampigia simu baba mdogo, kaka mdogo wa marehemu baba, maana sasa ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Bwana yako atakalia aje kiti cha kupokea wageni wa msichana, na yeye hajakata bega kwetu? Aje akate kwanza. Hao wengine wangojee."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo mambo yalivyo. Kwanza lako, halafu la mtoto. Tukapanga siku.

Sasa, kukata bega si mchezo. Mkono wa mbele wa beberu huchomwa mzima na kuwekwa kwenye sinia mbele ya bwana harusi. Anatakiwa kupata kiungo, pale mfupa wa bega unapokutana na mfupa wa mkono, apitishe kisu katikati, vitengane. Peke yake. Na kisu kisiguse mfupa. Kikigonga mfupa kinalia, na ule mlio kila mtu anausikia, maana kina mama wote wamenyamaza kuusubiri. Hapo ni kelele, ni faini, na wazee wakiona mtu ameshindwa kabisa wanaweza kumrudisha kwao ajipange upya. Maana yake binti yangu naye angebaki kungoja, na watu wa kina kijana wangejua ni kwa nini. Mume wa binamu yangu aligonga mara tatu. Huo ni mwaka gani, hata sikumbuki, lakini mpaka leo akifika kwa matanga wanamuuliza kama amekuja na shoka.

Na mzee wangu alikuwa ameanza kuangusha vikombe.

"Mathe, unadhani baba ataweza?" binti yangu aliniuliza jikoni kwa sauti ya chini.

"Ataweza. Nitamfundisha mimi."

"Ndiyo hiyo inaniogopesha," akasema. Nikamrushia kitambaa cha vyombo.

Tukaanza Jumamosi iliyofuata, mchana, kwenye meza ya jikoni. Nilinunua mkono wa mbuzi, nikauchoma kidogo, nikautandika kwenye ubao wa kukatia kama niko mbele ya wanafunzi sabini. Nikamweleza kila kitu. Ncha ya mfupa wa mkono ni mviringo, imekaa kwenye kijisahani kidogo cha mfupa wa bega. Vyote viwili vimevikwa gegedu, kwa hiyo kati yao kuna mteremko, na ukiupata huo, kisu kinaingia chenyewe bila nguvu. Kuupata ni kubonyeza kwa dole gumba huku unachezesha mkono wa mbuzi. Pale panapocheza, ndipo.

"Bonyeza hapo."

Akabonyeza. Uso ukamkunjana kidogo, akaondoa mkono.

"Nimesema bonyeza!"

"Si nimebonyeza."

"Hiyo ni kubonyeza ama kusalimia?"

Akacheka. Akachukua kisu, akatafuta tafuta, akakata, na kweli kitu kikatengana. Mpira wa mfupa ukaanguka kwenye kiganja chake. Akauinua, amefurahi kama mtu aliyeng'oa jino lililokuwa likimsumbua.

"Umekata pasipo," nikamwambia.

Maana nilikuwa nimenunua mbuzi mdogo, makosa yangu mwenyewe, ingawa siku hiyo sikuyakubali. Mbuzi mdogo bado ana ule mstari wa gegedu wa kurefushia mfupa, na ukimchoma, mstari huo unalegea kabla ya kitu kingine chochote. Kisu chake kilikuwa kimepitia hapo. Kiungo chenyewe kilikuwa bado kimefungwa vizuri, hakijaguswa. Ni kosa ambalo mtu asiyejua hawezi kuligundua, na baba mdogo wangu amekata mabega mengi mno, angeligundua akiwa mbali. Nikamwambia hayo yote, na zaidi. Nikaenda kuleta kioo cha kukuzia. Yeye akasikiliza mpaka mwisho, ule mpira bado uko kiganjani.

"Kumbe," akasema. "Kwa hivyo huyu alikuwa bado anakua."

"Ndiyo."

"Pole yake."

Huyo ndiye mtu niliyeolewa naye. Mimi nimeshika kioo, yeye anampa mbuzi pole.

Jumamosi ya pili nilileta mkono wa mbuzi mkubwa. Mwenye bucha aliniuliza, "Mathe, kwani kila wiki mna wageni?" Nikamwambia afunge nyama. Nyumbani mambo yalienda mrama. Mzee alibonyeza, akaacha. Akabonyeza tena, akaacha. Nikampa kisu, kikamponyoka, kikaanguka chini hatua moja tu kutoka kwa mguu wangu.

"Haki ya Mungu! Unataka kunikata vidole? Hiyo mkono ni ya mkate?"

Akainama, akakiokota kwa mkono wa kushoto.

"Mama watoto," akasema, "hii mkono..."

"Hii mkono haina mazoezi, ndiyo shida. Nimekuambia mara ngapi? Kiungo kisipochezeshwa, gegedu halipati chakula. Kila asubuhi maji ya moto na chumvi, fungua, funga, fungua, funga. Na ile dawa ya kuchua iko pale kwa rafu, hujaigusa hata siku moja. Unangoja nani akupake?"

Akaniangalia. Nilidhani anaangalia dawa, iliyokuwa nyuma yangu.

"Nimesikia," akasema, akatoka nje kwenda kumwona ng'ombe, ambaye hakuwa na shida yoyote.

Ng'ombe huyo lazima nimtaje. Mwaka uliotangulia, mzee aliniachia kazi ya kukamua. Aliikamua ng'ombe yetu tangu ilipozaa mara ya kwanza, asubuhi na jioni, na mara akaniambia, "Kamua wewe. Amekuzoea, kwangu anabana maziwa." Nilijivuna! Nikawaambia majirani kwamba hata ng'ombe anajua nani ana mkono mzuri. Nikawa nakamua na kuongea, naye mzee ananishikia taa na ndoo, ndoo ameipachika kwenye kiwiko kama mama anayeenda sokoni na kikapu. Kwa nini kwenye kiwiko? Sikuuliza. Mimi huyo, mtu anayefundisha watu kuangalia.

Jumamosi ya tatu hakutokea. Nyama ikapoa, ikagandana mafuta. Akaja saa kumi na moja hivi, ananuka mpira.

"Ulikuwa wapi?"

"Kazini. Nilikuwa natengeneza kisu."

"Kisu cha kutengenezwa siku nzima ni kisu ama ni trekta? Unakimbia mazoezi, mzee. Sema tu unakimbia. Na watu wa kwetu watakucheka, halafu watanicheka mimi, na yule mtoto atalia, utasema sikukuambia?"

Akala, akasema ahsante, akaenda kulala mapema. Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu niliogopa, na nikiogopa mdomo wangu ndio unakimbia mbele. Niliwaza jinsi atakavyosimama pale mbele ya wajomba zangu na suti yake ya kahawia, kisu kimponyoke, na yeye atabasamu tu kama kawaida yake, na tabasamu lile lingeniua.

Siku ikafika. Tulienda Bahati, nyumbani kwetu, kwenye shamba ambalo zamani lilikuwa la mzungu na sasa limegawanywa mpaka kila mtu anasikia kuku wa mwenzake. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, halafu jua likatoka na nyasi zikaanza kutoa mvuke. Hema lilijaa. Pasta akaomba, akaomba tena, kina mama wakaimba. Mimi nilivishwa kitambaa na shanga na kukalishwa kwenye kiti cha mbele kama mwari, na miaka yangu yote hii. Binti yangu alisimama nyuma ya hema, amekumbatia mkoba wake. Roho yangu ilikuwa mkononi.

Sinia ikaja. Bega la beberu, jeusi kwa moto, limetulia. Baba mdogo akasimama kando yake na bakora.

"Mwenye kazi na aje."

Mzee wangu akaja. Akatoa kisu kwenye mfuko wa ndani wa koti, na watu wakaanza kucheka. Mpini wake ulikuwa mnene kama gunzi la mahindi. Aliuzungushia mpira, vipande vya tyubu ya gurudumu, tabaka juu ya tabaka, akavibana kwa waya.

"Huyu ameleta kisu cha fundi wa baiskeli!" mjomba mmoja akapaza sauti.

Mzee akatabasamu. Hakubonyeza kwa dole gumba. Hakufanya hata kimoja kati ya vile nilivyomfundisha. Aliushika ule mkono wa mbuzi kwa chini, kwa ngumi nzima, akauinua, akaacha bega lining'inie kwa uzito wake lenyewe. Akalitikisa kidogo. Akainamisha kichwa, akafumba jicho moja, na hapo nikamjua. Ndivyo anavyoangalia ubao kuona kama umenyooka. Nyama ikajikunja mahali pamoja, mkunjo mdogo tu, kama wa kiwiko cha mtoto. Akaulaza mkono kwenye sinia, akashika kisu kwa vidole vinne na kiganja. Dole gumba lilikaa pembeni, limenyooka, halikugusa kitu.

Nilifungua mdomo kumwambia apande juu kidogo. Shangazi, aliyekaa karibu nami, akanifinya paja.

Kisu kikaingia. Hakikulia. Akakizungusha taratibu kufuata ule mviringo, akainua tena kwa ngumi, na bega likaachana na mkono kana kwamba halikuwahi kushikana nao. Vikapaa vigelegele, jamani, vigelegele vya kuziba masikio. Binti yangu aliruka juu na mkoba wake. Baba mdogo aliuchukua ule mfupa, akaugeuza kwenye mwanga, akaupitishia kidole. Gegedu lilikuwa jeupe, zima, linang'aa. Nimewakatia wanafunzi viungo maelfu, na kwangu mimi huwa nabakisha mkwaruzo.

"Hata alama," akasema baba mdogo. "Huyu ni mtu."

Nililia. Sikuwa nimepanga, ila nililia.

Kisha yakaja masikio. Ya beberu, yamechomwa, yako mawili kwenye sahani. Kwetu bwana harusi humlisha mke sikio moja, eti awe msikivu. La pili ni la shangazi.

"Mpe sikio sasa!" baba mdogo akasema. "Awe akikusikia."

Watu walicheka kuliko inavyohitajika, maana wananijua. Binamu yangu akapiga kelele, "Huyo apewe la ng'ombe!" Mzee akalichukua sikio, akaja, akalitia mdomoni mwangu lote.

Nyinyi mliokula sikio la beberu mnajua. Ngozi si neno, inakatika. Lakini lile gegedu la katikati linakunjika na kurudi, linakunjika na kurudi, huwezi kulimeza na huwezi kulitema mbele ya wakwe na wazee. Unatafuna tu. Kina mama wakaanza wimbo, watu wakainuka kuelekea kwenye chakula, na mzee wangu akakaa kwenye kiti kando yangu. Akainama karibu na sikio langu.

"Mama watoto," akasema. "Mwaka jana nilienda Nakuru kwa daktari, akanipiga picha ya mikono. Hapa chini ya dole gumba, ile gegedu imeisha. Mikono yote miwili, lakini hii ya kulia ndiyo mbaya. Alisema ni mbao. Akasema niache."

Nikatafuna.

"Sikuacha, kwa sababu nilijua msichana ataleta mtu, na nilitaka kuingia hapa kwenu nikiwa mtu wa kazi. Si mtu wa kuonewa huruma. Sasa nimeingia. Jana niliwaaga watu wa Elburgon, wakanipa mkono. Jumatatu siendi."

Nilikuwa na mambo kumi na mawili ya kusema. Nilitaka kumwambia kuna vifaa vya kufunga dole gumba, kuna sindano, kuna daktari mwingine, na kwa nini, kwa nini, mwaka mzima! Lakini sikio lilikuwa limejaa mdomoni. Basi nikawa naona. Nikaona vikombe. Nikaona ndoo kwenye kiwiko, na ng'ombe aliyeachiwa mimi. Nikamwona akibonyeza bega la mbuzi jikoni na mimi namuuliza kama anasalimia. Ukianza kusikia uchungu ujue limekwenda, mfupa umefikia mfupa. Nani kasema? Mimi. Kwa miaka kumi na tisa, na kisu juu. Niliona aibu mpaka shanga zikawa nzito shingoni. Na nilimpenda mtu yule, wallahi, kuliko siku ya kanisa.

"Nilijaribu kukuambia," akasema. "Zaidi ya mara moja. Lakini ungenifundisha."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema, "Ilikuwa."

Hatimaye nikameza. Mzee aliona koo langu likishuka. Akajivuta nyuma kidogo kwenye kiti na kuteremsha mabega, jinsi anavyofanya akiona wingu la mvua na yuko mbali na nyumba. Alijua sasa ni zamu yangu.

Sahani ilikuwa bado mezani, na sikio la pili juu yake. Nikanyoosha mkono nikalichukua.

"Wee!" shangazi akaniambia. "Hilo ni langu!"

Nikalitia mdomoni lote, nikaanza kutafuna, nikamgeukia mzee wangu na kumwashiria kwa kidevu aendelee.